Taa ya ABS haizimiki: ni sensa za magurudumu ya mbele au ni beringi? (Mercedes-Benz SK, 1996)

#1 MshaleWaSake (Goma)

Salamu kwenu. Nina lori la Mercedes-Benz SK la mwaka 1996, la ekseli mbili, lenye breki za hewa na ngoma za breki mbele na nyuma, ambalo hupeleka saruji Rutshuru na kurudi na maharage. Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifunge unapokanyaga breki) ilianza kwa kuwaka na kuzimika njiani. Wakati huo, kila nilipokanyaga breki taratibu na lori likawa karibu kusimama, nilisikia hewa ikifyatuka upande wa gurudumu la mbele la kushoto, na lori likasogea mbele kuliko nilivyokusudia. Sasa taa haizimiki kabisa, na ule mfyatuko wa hewa umekoma.

Fundi wangu alibadilisha sensa ya kushoto, ile inayosoma mwendo wa gurudumu, kwa nyingine iliyotoka kwenye lori lililokatwa. Taa ikazimika kwa siku chache, kisha ikarudi. Sasa anataka tununue sensa mbili mpya za mbele pamoja na beringi zote za mbele, za ndani na za nje, kulia na kushoto, na sili zake. Ninauliza: beringi zina uhusiano gani na taa ya ABS, au fundi ameona kwamba mfukoni mwangu bado mna kitu?

#2 FundiWaBirere (Goma)

Kabla hujanunua chochote, nijibu maswali mawili. La kwanza: taa inawaka lori likiwa limesimama tu, au inaendelea hata baada ya kuondoka? Katika mifumo ya zamani kama huo wako, taa hubaki ikiwaka baada ya kufungua swichi na huzimika lori likishapita kasi ya kilomita 7 hivi kwa saa, kwa sababu kompyuta haiwezi kujua kama sensa ni nzima mpaka magurudumu yazunguke. La pili: kuna mtu aliyeipima ile sensa kwa multimita, au ilibadilishwa kwa kukisia?

Kuhusu mfyatuko wa hewa, usifurahi kwamba umekoma. Umekoma kwa sababu kompyuta imeacha kuiamini sensa hiyo, na gurudumu hilo limebaki na breki ya kawaida isiyo na ulinzi wa ABS.

#3 KatubaDizeli (Lubumbashi)

Fundi wako hakuibii, ndugu Mshale. Mimi ninafanya kazi kwenye malori yanayopita Kasumbalesa kila wiki, na kati ya magari yanayoletwa kwetu na taa ya ABS ya mbele, mengi yana beringi zilizolegea.

Sensa ya lori lako haikufungwa kwa boliti. Imesukumwa ndani ya tundu na inashikwa na bushi ya bati yenye springi, yaani inashikwa kwa msuguano tu, huku ncha yake ikielekea meno ya ringi iliyo nyuma ya habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachozunguka juu ya beringi. Beringi ikilegea, habu huinama kidogo kila unapokata kona, ringi nayo huinama pamoja nayo, na meno yake huigonga sensa na kuirudisha nyuma. Ukinyoosha usukani, habu inarudi mahali pake lakini sensa hairudi, kwa kuwa hakuna kitu cha kuisukuma tena mbele. Pengo likishazidi milimita 0.7 hivi, ishara inakuwa dhaifu.

Na ishara ya sensa ya aina hii hupungua nguvu kadiri gurudumu linavyopunguza mwendo. Ndiyo maana mfyatuko ulikuja wakati wa kusimama na si ulipokuwa katika mwendo mkubwa: kompyuta iliona gurudumu la kushoto kama limefunga ilhali mengine matatu bado yanazunguka, ikalifungulia hewa. Sensa uliyobadilisha ilifanya kazi kwa siku chache kwa sababu ilisukumwa upya hadi kwenye ringi, kisha beringi ikairudisha kulekule.

#4 MzeeWaKadutu (Bukavu)

Maelezo ya #3 ni mazuri, lakini yanaanzia katikati. Beringi hailegei bila sababu. Lori hilo linaoshwa wapi?

Nimeendesha kwa miaka mingi barabara ya Uvira, na anayeijua anajua mteremko wa Ngomo unavyochemsha ngoma za breki kabla hujafika Kamanyola. Habu yenye joto ina hewa iliyotanuka ndani yake. Dereva akifika chini, au akirudi mjini, akaliingiza lori ziwani hadi nusu ya magurudumu ili vijana walioshe, hewa ile inapoa ghafla, inasinyaa, na kuyavuta maji kupitia kwenye mdomo wa sili. Grisi inageuka rangi ya maziwa. Baada ya hapo rola zinaanza kumomonyoka ngozi, nafasi inaongezeka, na ndipo mnapoona taa. Ukibadilisha beringi bila kubadilisha tabia ya kuosha, utazibadilisha tena.

#5 MshaleWaSake (Goma)

Nashukuru. Jibu kwa #2: taa inaendelea kuwaka hata baada ya kuondoka, na hakuna aliyepima kitu. Nimemwomba jirani mwenye multimita aje. Jibu kwa Mzee: lori huoshwa ufukweni, ndiyo, na kwa kawaida ni mara tu linaporudi safari.

#6 MzeeWaKadutu (Bukavu)

Nilijua.

#7 Hesabu_Kwanza (Lubumbashi)

Mimi ni mwanafunzi wa politekiniki, kwa hiyo mniruhusu niongeze tarakimu. Ringi ya malori mengi ya Ulaya ya wakati huo ina meno 100. Tairi ya 315/80R22.5 husafiri karibu mita 3.3 kwa mzunguko mmoja. Katika kilomita 7 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 0.6 kwa sekunde, yaani sensa inatoa mapigo yapatayo 60 kwa sekunde. Sensa yenyewe ni sumaku na koili ya waya tu. Haipewi umeme kutoka popote, inauzalisha kutokana na meno yanayopita mbele yake. Kwa hiyo mkiinua gurudumu kwa jeki na kulizungusha kwa mkono mzunguko mmoja kwa sekunde mbili, mmeiga mwendo wa karibu kilomita 6 kwa saa. Sensa nzima iliyokaa vizuri inapaswa kutoa angalau volti 0.2 za umeme wa kupishana katika mwendo huo. Multimita iwekwe kwenye volti za kupishana, si za betri, kwani nimeona watu wakipata sifuri na kuitupa sensa nzima.

#8 MamaVipuri (Goma)

Mimi ninauza vipuri Birere na silali chini ya malori, lakini ninawasikia mafundi wanavyoongea wakidhani sielewi. Mteja akija na jina la lori tu, simuuzii sensa. Ninamtaka alete ile ya zamani, kwa sababu kuna yenye ncha iliyonyooka na yenye ncha iliyopinda kama kiwiko, kuna yenye waya mfupi na yenye waya mrefu, na plagi nazo hazifanani. Wengi huchukua yenye waya mfupi kwa sababu ni rahisi, halafu waya unakazika usukani unapokatwa hadi mwisho, unakatika ndani ya ganda lake, na wanarudi kunilaumu mimi.

Jambo la pili: bushi ya bati ninaiuza pamoja na sensa, na karibu kila fundi ananiambia niitoe ili bei ishuke. Ndugu Mshale, muulize fundi wako kama ile sensa ya lori lililokatwa iliingia na bushi mpya.

#9 MshaleWaSake (Goma)

Vipimo ni hivi. Sensa ya kushoto ina omu 1,180, na ya kulia ina omu 1,210. Tulipozungusha kwa mkono kama alivyoeleza #7, kulia ilitoa volti 0.35 na kushoto 0.08. Fundi amekiri kwamba bushi ni ileile ya zamani, na kwamba aliigonga sensa kwa nyundo “kidogo tu” ili iingie.

#10 FundiWaBirere (Goma)

Basi sensa yako si mbovu. Omu 1,180 ni koili nzima. Kilichopo ni pengo kubwa, na sababu ya kwanza ya pengo ni bushi iliyochoka, wala si lazima beringi. Sensa ya aina hii haigongwi. Unasafisha tundu kwa msasa laini mpaka kutu iishe, unapaka grisi ya silikoni, unaingiza bushi mpya huku vishikio vyake vikitazama ndani, kisha unaisukuma sensa kwa kidole gumba mpaka iguse ringi. Gurudumu likizunguka, ringi yenyewe itairudisha kwa kiasi inachokihitaji. Ikiwa haiingii kwa mkono, tundu bado ni chafu, na nyundo haitalisafisha.

Yaya Katuba anaona beringi kila mahali kwa sababu ndizo anazozifungua kila siku.

#11 KatubaDizeli (Lubumbashi)

Ninaziona kwa sababu zipo. Bushi iliyochoka huishika sensa isiyosukumwa na mtu. Swali ni nani aliyeisukuma. Badala ya kubishana, apime. Ainue ekseli, ashike tairi juu na chini, alitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki na atikise tena. Breki hubana habu pamoja na kichwa cha ekseli; kwa hiyo mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, ulikuwa wa beringi, na ukibaki, ni wa kingpini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia usukani ukikatwa. Lori la umri huo linaweza kuwa na yote mawili.

Baada ya hapo aweke geji ya mshale, ya kupimia visehemu vya milimita, kwenye habu, aivute habu na kuisukuma bila kuiinamisha. Sisi huku tunafuata utaratibu unaojulikana kwa mafundi wa malori ya Marekani: nati inakazwa hadi Nm 271 huku habu ikizungushwa, inalegezwa mzunguko mzima, inakazwa tena hadi Nm 68 huku habu ikizungushwa, kisha inalegezwa sehemu ya mzunguko kulingana na ekseli, na mwishowe mchezo unapimwa na kupatikana kati ya milimita 0.025 na 0.127.

#12 FundiWaBirere (Goma)

Sahihisho: utaratibu huo ni wa ekseli zenye nati mbili, moja ya kurekebisha na nyingine ya kuifunga. SK ina nati moja yenye mpasuko, inayobanwa kwa skurubu. Kwanza, tarakimu za kukaza hazihamishwi kutoka ekseli moja kwenda nyingine. Fuateni kitabu cha lori lenyewe. Pili, kubana ile skurubu kunaisogeza nati, kwa hiyo mchezo unapimwa baada ya kubana, si kabla. Nimeona habu iliyopimwa vizuri sana kabla ya skurubu, ikafungwa, ikaondoka, ikarudi ikiwa na rangi ya buluu.

#13 KatubaDizeli (Lubumbashi)

Kuhusu nati uko sahihi. Kuhusu geji tunakubaliana, na hilo ndilo lililokuwa muhimu.

#14 Dereva_Mstaafu (Goma)

Watoto, mimi nina dawa isiyohitaji geji. Toa balbu ya taa. Sisi tuliendesha malori bila ABS tangu enzi za Zaire, na tulifika.

#15 Hesabu_Kwanza (Lubumbashi)

Shikamoo Mzee. Mercedes-Benz walianza kuweka ABS kwenye malori yenye breki za hewa mwaka 1981, kwa hiyo huenda hata enzi hizo mlikuwa nayo, ila balbu ilikuwa imeshatolewa na aliyewatangulia.

#16 Dereva_Mstaafu (Goma)

Marahaba. Mtoto huyu amelelewa vibaya lakini amesoma vizuri.

#17 JiweJeusi (Goma)

Mmezungumza yote isipokuwa barabara. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji huu, na mpaka leo barabara zetu nyingi zinajazwa kokoto na vumbi la mawe hayohayo. Chukueni mchanga mweusi wa pembeni mwa barabara, mfungeni sumaku ndani ya karatasi, mpitishe juu yake. Mtaona chembe nyeusi zikinata. Mawe ya volkano ya aina hii yana madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na ncha ya sensa ni sumaku inayokaa wazi mchana na usiku. Chembe zinajikusanya kwenye ncha na kati ya meno ya ringi, zinachanganyika na grisi iliyovuja kwenye sili, zinakuwa uji mzito. Meno yakishajaa uji wenye chuma, sensa haioni tena tofauti kubwa kati ya jino na pengo.

Mimi husafisha ringi za lori langu kwa brashi ya nyuzi na dizeli kila tunapofungua ngoma, na sijanunua sensa ya mbele tangu nilinunue.

#18 MzeeWaKadutu (Bukavu)

Nadharia ya #17 inapendeza, lakini Bukavu hatuendeshi juu ya lava kama nyinyi, tunaendesha kwenye udongo mwekundu, na uji huo mweusi ninauona hapa pia. Ngoma ya breki ni chuma cha kuyeyushwa. Kila breki inapokanyagwa inatoa unga wa chuma, na beringi inayokufa inatoa unga wake. Sumaku haiulizi chembe imetoka volkanoni au kwenye ngoma.

#19 JiweJeusi (Goma)

Sijasema ni volkano peke yake, Mzee. Nimesema sisi tunaongezewa.

#20 NjiaYaPanzi (Bukavu)

Samahani, ninaingilia na kisa cha pikapu, kwa kuwa dalili zinafanana. Pikapu yetu ya kazini ilibadilishiwa beringi za mbele kwa sababu ya mlio, na taa ya ABS iliwaka siku ileile, ingawa sensa hazikuguswa. Fundi akanunua sensa mpya, taa ikabaki. Fundi wa pili alizitoa beringi akakuta moja imeingizwa kinyume. Katika beringi za aina hiyo hakuna ringi ya meno: sili ya upande mmoja ina utepe wa sumaku zinazopishana, na ndizo sensa inazozisoma. Upande huo lazima utazame sensa. Kwa macho pande zote mbili zinafanana, lakini ukisogeza kibanio chepesi cha chuma cha kushikia karatasi, upande wenye sumaku unakivuta. Je, lori la ndugu Mshale haliwezi kuwa na tatizo hilohilo?

#21 FundiWaBirere (Goma)

Haliwezi, kwa sababu SK ina ringi ya chuma yenye meno na sensa inayojizalishia umeme. Kisa chako kinawafaa wenye pikapu mpya, na ninaongeza tahadhari: sensa za aina hiyo zinahitaji kupewa umeme na hazipimwi kwa omu kama tulivyofanya katika #9. Anayezipima hivyo anapata tarakimu isiyo na maana, na anaweza hata kuziharibu.

#22 Hesabu_Kwanza (Lubumbashi)

Kwa wenye pikapu za Kimarekani kuna kisa kinachojulikana. Mwaka 2005 General Motors waliita tena pikapu na magari makubwa ya familia ya 1999 hadi 2002 katika majimbo ya Marekani yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Kutu ilikuwa ikiota chini ya sensa ya mbele, pale inapokaa juu ya habu, na kuinyanyua taratibu mpaka pengo linazidi. Matokeo yake ni yaleyale aliyoeleza #1: ABS inajiwasha katika mwendo mdogo, gari likikaribia kusimama, na breki inaachia. Sensa zenyewe zilikuwa nzima.

#23 JiweJeusi (Goma)

Sisi hatuna theluji wala chumvi.

#24 Hesabu_Kwanza (Lubumbashi)

Kutu inahitaji maji na hewa. Chumvi inaiharakisha tu. Na nyinyi mnaosha malori ziwani.

#25 MzeeWaKadutu (Bukavu)

Kijana huyu nitamtafutia kazi Bukavu.

#26 MshaleWaSake (Goma)

Tumefungua. Ninaandika kwa urefu kwa sababu kila mmoja wenu atataka kujua kuhusu jambo lake.

Jaribio la #11 lilionyesha mchezo upande wa kushoto, na ulipotea breki ilipokanyagwa. Geji ilisoma milimita 0.35. Upande wa kulia haukuwa na mchezo wa kuhisiwa kwa mkono. Grisi ya kushoto ilikuwa nyepesi na ya rangi ya maziwa kwa nje, nyeusi kwa ndani. Rola za beringi ya ndani zilikuwa zimemomonyoka, na kikombe chake, yaani pete yake ya nje, kilikuwa na alama za mashimo upande wa chini, pale kunakokaa uzito. Meno ya ringi yalikuwa yamejaa uji mweusi, nao ulinata kwenye sumaku. Ulipofutwa, tuliona sehemu moja ya ringi imekwaruzwa iking’aa, na sehemu nyingine ina kutu. Bushi ya sensa ilikuwa imepoteza springi yake kabisa. Sensa iliingia na kutoka kama kidole ndani ya pete kubwa. Mwisho, ganda la waya wa sensa lilikuwa limelika mahali linapopita karibu na bomba la hewa la breki, ingawa nyuzi za shaba hazikuonekana.

Tumebadilisha beringi za pande zote mbili, vikombe na koni (sehemu ya ndani yenye rola) pamoja, kwa kuwa fundi alikataa kuweka koni mpya kwenye kikombe cha zamani. Vikombe vya zamani vilitolewa kwa fimbo ya shaba, na vipya viliingizwa kwa kipande cha kikombe cha zamani kilichochongwa kidogo kwa nje ili kisinase. Sili mpya, grisi mpya ya lithiamu baada ya kuosha habu hadi chuma cheupe, sensa mbili mpya, bushi mbili mpya, ringi zimesafishwa, na waya umefungwa mbali na bomba ukiachwa na ulegevu wa kutosha usukani ukatwe hadi mwisho. Mchezo ulipimwa baada ya skurubu ya nati kubanwa. Kwa mkono, kushoto sasa inatoa volti 0.41 na kulia 0.40.

Taa imezimika, na imebaki hivyo hadi Rutshuru na kurudi. Asanteni sana.

#27 KatubaDizeli (Lubumbashi)

Milimita 0.35. Sina la kuongeza.

#28 FundiWaBirere (Goma)

Mimi ninalo. Umeandika kwamba bushi haikuwa na springi. Sensa isiyoshikwa ingerudi nyuma kwa mtikisiko wa barabara ya Rutshuru peke yake, hata kwenye beringi mpya. Tena ringi imekwaruzwa sehemu moja tu. Beringi iliyolegea huinamisha habu upande uleule wa ekseli kila mara, huku ringi ikizunguka, kwa hiyo ingekwaruza meno yote. Mkwaruzo wa sehemu moja unanionyesha ringi iliyokaa mshazari kwenye habu, pengine tangu mtu alipoigonga zamani. Je, mliipima kama imenyooka?

#29 MshaleWaSake (Goma)

Hatukuipima. Iliposafishwa ilionekana kuwa sawa.

#30 KatubaDizeli (Lubumbashi)

Ringi iliyokaa mshazari ingetoa ishara inayopanda na kushuka katika kila mzunguko, na kompyuta ingelalamika hata sasa. Hailalamiki.

#31 FundiWaBirere (Goma)

Hailalamiki kwa kuwa sensa ni mpya na iko karibu. Subiri ikae kidogo.

#32 JiweJeusi (Goma)

Uji ulinata kwenye sumaku. Ninaomba liandikwe mahali.

#33 MzeeWaKadutu (Bukavu)

Na grisi ilikuwa ya rangi ya maziwa. Mnapigania mtoto huku mama yake ameketi hapa.

#34 Hesabu_Kwanza (Lubumbashi)

Wazee wangu, mmebadilisha vitu vyote kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna kati yenu anayeweza kuthibitisha lolote. Jaribio lililobaki ni moja: irudishwe ile sensa ya zamani upande wa kushoto, ikiwa na bushi mpya, kwenye beringi mpya. Taa isipowaka, tutajua kwamba fedha za sensa zingeweza kubaki. Kisha iwekwe bushi ya zamani na sensa mpya. Hapo FundiWaBirere atapata jibu lake au atanyamaza.

#35 MshaleWaSake (Goma)

Ndugu mwanafunzi, lori limepakiwa tayari na mwenye mzigo amelipa. Sitalifungua gurudumu linalofanya kazi ili watu wa Lubumbashi na Birere wapate usingizi. Isitoshe, sensa za zamani zilibaki kwa fundi.

#36 MamaVipuri (Goma)

Hazikubaki. Zimefika kwenye meza yangu leo asubuhi zimeoshwa kwa petroli, na aliyezileta anasema ni karibu mpya. Moja ina omu 1,180, na ncha yake imekwaruzwa upande mmoja.

#37 FundiWaBirere (Goma)

Mama, upande upi? Kama mkwaruzo uko kwenye ukingo wa ncha, habu ilikuwa ikiinama, na Yaya Katuba ana hoja. Kama umeenea uso mzima wa ncha, meno yaliipiga moja kwa moja, na hoja ni yangu. Usiiuze kabla sijafika.

#38 MamaVipuri (Goma)

Umeenea nusu ya uso na kufika ukingoni. Ninafunga saa kumi na moja, na anayetaka kuitazama kwa muda mrefu ataanza kwa kuilipia.

#39 KatubaDizeli (Lubumbashi)

Mama, tafadhali iandikie kwamba imetumika. Ndugu Mshale, wakati hawa wanaitazama sensa, wewe jambo lako ni jingine: beringi mpya hukaa sawa baada ya kutembea, kwa hiyo ukirudi kutoka safari hii, inua ekseli tena, pima mchezo kwa geji, na uguse habu zote mbili kwa mkono mara tu unaposimama. Ya kushoto ikiwa na joto kuliko ya kulia, usiendelee na safari nyingine kabla nati haijatazamwa.

#40 MzeeWaKadutu (Bukavu)

Na baada ya kuzigusa, liache lipoe kabla ya kulipeleka ziwani.